Vijana wa Magenge ni Wana wa Wafanya Kazi

Siku hizi ni shida kupata mkutano unaokwisha bila neno la magenge kutajwa. Mfanya kazi atokaye zamu ya usiku huogopa kupita njia ya mkato. Mama auzaye mboga hutozwa pesa za "ulinzi" na vijana ambao juzi juzi tu walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi mbele ya kibanda chake. Dereva na makanga wake hulipa stejini kabla gari halijajaa. Na mwisho wa mwezi, siku iliyopasa kuwa ya furaha, ndiyo siku mtu afichapo simu na pesa zake ndani ya soksi. Haya si maneno ya magazeti tu, ndiyo maisha yetu. Kwa hivyo haifai chama cha wafanya kazi kunyamaza na kusema ya kwamba hayo ni mambo ya polisi na machifu.

Twawasikia ndugu wengine wakisema: "Wapigwe risasi wote, tupumzike." Uchungu wao twauelewa, maana mtu aliyenyang'anywa jasho la mwezi mzima hana subira ya kusikiliza hotuba. Lakini kabla ya kuitikia neno hilo yatupasa tuulize: hao wanaotakiwa kupigwa risasi ni wana wa nani? Si wana wa matajiri wa Karen na Muthaiga. Wengi wao ni wana wetu na wadogo zetu, waliozaliwa katika chumba kimoja Mathare, Mukuru, Kayole au Kisauni. Tena, tukiisha kuwazika hao, ni nani atakayewazuia wadogo wao wasishike nafasi iliyoachwa wazi?

MAJIBU MATATU YA HARAKA

Ukiuliza kwa nini vijana huingia katika magenge utapewa majibu matatu upesi upesi. La kwanza ni wazazi wabaya. La pili ni kabila. La tatu ni uvivu. Tuyapime moja moja.

Juu ya wazazi, watu hutaja methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo ni ya kweli, lakini wengi huisoma nusu. Humlaumu mama, wakasahau kuuliza huo ulimwengu wafunza nini. Baba ni askari wa lango, hufanya kazi saa kumi na mbili za usiku na mchana hulala. Mama hutoka alfajiri kwenda Industrial Area kwa miguu ili kuokoa nauli. Mtoto akitoka shule jioni, yu mikononi mwa nani mpaka usiku? Yu mikononi mwa mtaa. Mzazi hushitakiwa kila siku, lakini mshahara uliomnyima nafasi ya kukaa na mtoto wake haujaitwa mbele ya hakimu hata mara moja.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika wa Kenya ilikiri ya kwamba mishahara ile ilipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, ikashauri ipimwe kwa mtu mwenye jamaa yake. Uhuru umekuja na miaka mingi imepita. Kila mwanachama na apige hesabu yake mwenyewe, aone kama kima cha chini cha mshahara chatosha kodi ya nyumba, chakula, nauli na mahitaji ya shule ya watoto watatu. Akiona hakitoshi, basi sehemu ya jibu ameipata.

MJI WA MACHINJIO

Juu ya kabila, yafaa twende mbali kidogo ili tuone karibu. Mji wa Chicago, Marekani, ndio uliochunguzwa kuliko miji yote juu ya habari za magenge, na ulikuwa mji wa wafanya kazi. Machinjio yake makubwa, Union Stock Yards, yalifunguliwa 1865, na watu wa mataifa mengi walikwenda huko kutafuta kazi: Wajerumani, Wairishi, Wapolandi, Walithuania, Waitalia, na baadaye Weusi waliokimbia dhuluma ya majimbo ya kusini.

Mwaka 1927 mtaalamu wa elimu ya jamii, Frederic Thrasher, alitoa kitabu juu ya magenge 1,313 ya mji huo. Aliona ya kwamba magenge hayakutawanyika kila mahali. Yalikuwa mengi katika ukanda ulio kati ya viwanda, reli na maghala kwa upande mmoja, na mitaa ya watu wenye nafasi kwa upande wa pili. Aliona pia ya kwamba genge halianzi kama genge. Huanza kama watoto wachezao pamoja. Kisha hugombana na watoto wa mtaa mwingine, hufukuzwa na wenye maduka, hukimbizwa na polisi. Kila wanapopigwa hushikana zaidi, wakajipa jina, wakachagua mkubwa wao, wakapanga mpaka wao. Adui ndiye aliyewafanya kuwa kitu kimoja.

Wataalamu wawili wengine, Clifford Shaw na Henry McKay, walitoa kitabu 1942 baada ya kufuata hesabu za vijana walioshitakiwa kwa miaka mingi. Walipata jambo ambalo lapasa kubandikwa katika ofisi ya kila chama. Mitaa ile ya karibu na viwanda ilihamwa na taifa moja ikaingiliwa na taifa jingine, tena jingine, lakini makosa ya vijana yaliendelea kuwa mengi mahali pale pale. Na wale waliohama kwenda mitaa bora, makosa ya vijana wao yalipungua. Zamani ilisemwa ya kwamba Wairishi ni watu wa fujo kwa asili yao, kisha likasemwa neno hilo hilo juu ya Wapolandi, kisha juu ya Waitalia, kisha juu ya Weusi. Kama damu ingalikuwa ndiyo sababu, ubaya ungalihama pamoja na watu. Haukuhama. Ulikaa mtaani pamoja na umaskini, msongamano na watu wasiodumu kukaa pamoja.

Sasa rudi nyumbani. Nairobi na Mombasa zimejua magenge yaliyoitwa ya kabila hili na ya kabila lile. Lakini tazama mitaa yanakozaliwa: ni ile ile. Mwenye kusema ya kwamba kabila fulani lazaa wakora hajatembea Mathare, ambako vijana wa makabila yote hunywa maji ya mfereji mmoja na kukosa kazi katika kiwanda kimoja.

JE, NI UVIVU?

Jibu la tatu ni uvivu. Kijana hataki jembe wala koleo, wasema, ataka pesa za bure. Hapa pia tutazame kwa macho.

Mwaka 2000 watu wawili, Steven Levitt na Sudhir Venkatesh, walitoa uchunguzi wa daftari za hesabu za genge moja la wauza madawa ya kulevya huko Chicago. Waliona ya kwamba wakubwa wachache walipata pesa nyingi, lakini vijana wa chini, wale wanaosimama kona usiku na kupigwa risasi, kwa saa moja hawakupata zaidi ya kibarua wa chini kabisa. Wengi wao walihitaji kazi nyingine ili waishi. Basi hiyo si njia ya mvivu. Ni kazi ngumu, ya hatari, ya mshahara mbaya, na yenye tajiri asiyekubali mgomo. Kijana huivumilia kwa tumaini la kuwa mkubwa siku moja, kama vile kibarua avumiliavyo miaka kumi kwa tumaini la kuandikwa kazi ya kudumu.

Hapa Kenya, Shirika la Kazi la Dunia lilileta wachunguzi wake, na ripoti yao ya 1972 ilisema ya kwamba shida yetu kubwa si watu wasiotaka kazi. Ni watu wanaofanya kazi kutwa na hawapati cha kutosha. Katika siku hizi zetu, watu zaidi ya wanane katika kila kumi wanaohesabiwa kuwa na kazi wamo katika jua kali, wengi bila mkataba wala malipo ya uzeeni.

KIJANA ATAFUTA NINI?

Ikiwa si damu wala uvivu, basi ni nini? Wataalamu wametoa sababu kadhaa, nasi twaona zote zina ukweli ndani yake kwa yule anayeishi mtaani.

Robert Merton alisema 1938 ya kwamba nchi humwambia kila mtu atamani mali na cheo, lakini haimpi kila mtu njia halali ya kuvipata. Aliyefungiwa mlango hutafuta dirisha. Tufikiri juu ya kijana wa Korogocho. Kila siku aona magari makubwa, simu za bei na nyumba za ghorofa. Shuleni aliambiwa soma kwa bidii upate hayo. Akasoma, akapata cheti, akatembea na cheti hicho katika bahasha mpaka bahasha ikachakaa.

Albert Cohen aliongeza 1955 ya kwamba si mali tu, ni heshima. Mtoto wa maskini hupimwa shuleni kwa kipimo cha mtoto wa mwenye nafasi: jinsi asemavyo, jinsi avaavyo, jinsi akaavyo. Akishindwa kila siku katika mchezo huo, huutupa mchezo wenyewe. Pamoja na wenzake walioshindwa hutunga mchezo mwingine ambao wao ndio washindi, na ndani yake yule anayeogopwa ndiye mheshimiwa. Mtu aliyeitwa "mjinga" na mwalimu na "wewe kijana" na kila askari, katika genge huitwa jenerali.

Kisha 1960 Richard Cloward na Lloyd Ohlin walieleza ya kwamba hata njia ya uovu haiko wazi kwa kila mtu. Mahali penye wezi wakubwa waliojipanga, kijana hufundishwa wizi kama uanagenzi wa kazi yoyote. Mahali pasipo na hata hao, vijana hupigana wao kwa wao kwa ajili ya jina na mpaka tu. Na wengine walioshindwa kotekote huangukia ulevi na madawa. Wanachama wa Mombasa watajua ya kwamba aina hizi tatu zaweza kukaa katika mtaa mmoja.

Hapo ndipo neno la kazi laingia kwa nguvu. Union Stock Yards yalifungwa 1971. William Julius Wilson, katika kitabu chake cha 1996 juu ya kupotea kwa kazi, alieleza ya kwamba kati ya 1967 na 1987 Chicago ilipoteza nafasi 326,000 za kazi za viwanda, yaani 60 katika kila 100. Mitaa ya Weusi iliyokuwa imejengwa kwa mishahara ya viwanda ilibaki na vijana wasiojua mtu hata mmoja aamkaye asubuhi kwenda kazini. Mwenye kazi si pesa tu mtaani. Yeye huonyesha saa ya kuamka, hupeleka habari ya nafasi inapotokea, humwambia tajiri wake, "Nina kijana wangu, mwaminifu." Akiondoka yeye, kamba imekatika.

Nasi tumeyaona. Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi wake kwa maelfu chini ya masharti ya wakopeshaji wa nje. Viwanda vya nguo vilifungwa, KICOMI ya Kisumu ikiwa kimoja chao, huku mitumba ikijaa sokoni. Wakati huo huo mapigano ya Bonde la Ufa ya 1992 yaliwafukuza watu wengi mashambani, na vijana wao wakafika mijini wasipate kazi wala ardhi. Mungiki, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Bonde la Ufa kwa mambo ya dini na mila, ilikuta mjini umati wa vijana wa namna hiyo ukingoja. Katika muda wa miaka michache ilikuwa ikitoza pesa katika steji za matatu, na mitaani ikitoza watu kwa maji, stima na ulinzi.

GENGE NI CHAMA KIBAYA

Ndugu zetu, tazameni vizuri genge lafanya nini. Lakusanya ada kila wiki. Lina viongozi, lina kiapo, lina mipaka ya kazi. Mwanachama akifungwa, humletea mama yake unga. Akifa, huchanga mazishi. Akipigwa na mtu wa nje, wote huinuka. Je, mambo hayo hamkuyaona mahali pengine? Ni mambo ya chama. Tofauti yake ni kwamba genge humtoza maskini mwenzake badala ya kumdai tajiri, na daftari lake halikaguliwi na mtu. Mwezi Novemba 2006 Mathare iliteketea kwa sababu wapikaji chang'aa walikataa kuongezewa ushuru wa Mungiki, na kundi jingine lililoitwa Taliban likasimama upande wao. Maskini walitozwa, maskini walipigana, na nyumba za maskini ndizo zilizochomwa.

Kwa hivyo kijana aingiaye genge huwa ametafuta umoja, akaupata kwa mtu wa kwanza aliyemfungulia mlango. Historia yetu yaonyesha hivyo. Baada ya vita kuu ya pili askari wetu walirudi kutoka Burma na kwingineko, wakakuta Nairobi haina kazi wala nyumba kwa ajili yao. Baadhi yao walifanya kikundi kilichoitwa Anake a Forty, vijana wa 1940. Wengine wao waliishi kwa wizi na biashara za magendo, wengine wakaingia katika siasa za kudai ardhi na uhuru. Mombasa, katika Januari 1947, maelfu ya wafanya kazi waligoma, na kutoka mgomo ule kikatokea chama cha African Workers' Federation cha Chege Kibachia. Hasira ilikuwa moja. Njia zilikuwa nyingi.

Huko Chicago pia palitokea jambo la kutufunza. Kijana mmoja aliyesoma habari za wahalifu, Saul Alinsky, alifanya kazi chini ya Clifford Shaw tuliyemtaja. Alipelekwa katika mtaa wa nyuma ya machinjio, Back of the Yards, kwa ajili ya shida ya vijana. Akaona ya kwamba haitoshi kumzungumza kijana ikiwa baba yake hana haki machinjioni. Mwaka 1939 yeye na Joseph Meegan waliunganisha makanisa, vilabu na chama kipya cha wafanya kazi wa nyama kuwa baraza moja la mtaa. Makabila ya Ulaya yaliyokuwa hayasalimiani yakakaa meza moja. Chama kikapata mkataba na kampuni kubwa ya Armour 1941.

Hatusemi ya kwamba magenge yalikwisha siku hiyo. Wala hatufichi ya kwamba baadaye baraza lile lile lilifanya kazi ya kuwazuia Weusi wasihamie mtaani, na hivyo likajenga ukuta mahali lilipokuwa limejenga daraja. Chama cha wafanya kazi wa nyama kilifanya vizuri zaidi, maana kiliwaweka Weupe na Weusi katika chama kimoja. Umoja wenye mlango wa kabila ni genge lililovaa tai.

WANAOWATUMIA

Yuko mtu mwingine afunguaye mlango kabla yetu, naye ni mwanasiasa. Katika machafuko ya Chicago ya 1919 waliuawa watu 38, Weusi 23 na Weupe 15, na vijana wa vilabu vya Kiirishi vilivyolindwa na wanasiasa walikuwa mstari wa mbele wa kuwashambulia Weusi. Kilabu kimoja cha mitaa ile, Hamburg, kilimchagua kijana Richard J. Daley kuwa mkuu wake 1924. Tangu 1955 mpaka kufa kwake 1976 alikuwa meya wa Chicago.

Kwetu Nairobi ya miaka ya 1990 ilijua Jeshi la Mzee, vijana waliotumiwa kuwapiga watu waliodai mageuzi. Baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa watu 1,133, na Tume ya Jaji Waki ilieleza 2008 jinsi desturi ya kutumia makundi ya vijana katika siasa ilivyokuwa imeota mizizi tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Kila uchaguzi unapokaribia gari huja mtaani na fulana na noti. Kura zikiisha gari haliji tena, lakini mapanga hubaki, na vijana hubaki na njaa ile ile. Siku ile wanayemgeukia si mwanasiasa aliye nyuma ya ukuta wenye stima. Ni wewe utokaye zamu ya usiku.

BUNDUKI PEKE YAKE

Sasa turudi kwa ndugu wasemao wapigwe risasi wote. Njia hiyo imejaribiwa. Machi 2002, baada ya watu zaidi ya 20 kuuawa Kariobangi North, serikali ilipiga marufuku makundi 18. Mwaka 2007 polisi waliingia Mathare kwa nguvu, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti 2008 juu ya watu wapatao 500 waliouawa au kupotea. Mwaka 2010 orodha ya makundi yaliyopigwa marufuku ilikuwa 33. Mwishoni mwa 2016 ikatajwa kuwa 90. Kama risasi ingalikuwa dawa, orodha ingalifupika.

Jela nayo, ikiachwa hivi hivi, hufanya kazi nyingine. Vice Lords, genge kubwa la Chicago, lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 ndani ya shule ya kurekebisha vijana wakosaji. Vijana walioingia kwa kosa dogo walitoka na jina na jeshi.

Kuna watakaotaja El Salvador, ambako tangu Machi 2022 serikali imefunga watu zaidi ya 80,000. Ni kweli, mauaji yalipungua sana huko, na maskini wa huko waliokuwa wakilipa ushuru kwa magenge walipumua. Hatuna haja ya kulikana. Lakini maelfu walifungwa bila kosa kisha wakaachiliwa, na familia nyingine zimeletewa maiti. Nasi Wakenya twajua maana ya kufunga watu kwa jumla. Katika Operesheni ya Anvil ya Aprili 1954 zaidi ya watu 20,000 walikamatwa Nairobi kwa kabila zao, wakiwamo viongozi wa vyama vya wafanya kazi. Serikali iliyopewa ruhusa ya kukamata bila hakimu huanza na mkora, na mara nyingi humfikia mgomaji.

Muuaji akamatwe, ashitakiwe, afungwe. Hilo twalitaka kuliko mtu yeyote, maana ndio sisi tunaoibiwa. Twataka afanyiwe hivyo mbele ya hakimu, si mtaroni usiku.

CHAMA KIFANYE NINI?

Hatuwezi kuahidi kazi kwa kila kijana. Mwaka 1964 serikali, matajiri na vyama vya wafanya kazi walifanya mapatano: matajiri waongeze watu 10 kwa kila 100, serikali iongeze 15, nasi tusidai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Waliojiandikisha kutafuta kazi walizidi 200,000. Wengine waliandikwa, lakini matajiri waliacha nafasi za waliotoka bila kuzijaza, na baada ya muda hesabu ikarudi chini. Kazi haitoki kwa karatasi peke yake. Hata hivyo yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wa chama, nasi twayataka yawekwe mbele ya kila tawi.

Kwanza, kazi isiuzwe langoni. Mahali popote ambapo kijana huambiwa alete "chai" kwa msimamizi ili aandikwe kibarua, chama kimshike mkono msimamizi huyo, na kama mwakilishi wa wafanya kazi ana sehemu katika chai hiyo, aondolewe siku hiyo hiyo. Kijana anayenunua kazi leo na kufukuzwa wiki ijayo ili nafasi yake iuzwe tena, huyo genge halina haja ya kumtafuta. Atakwenda mwenyewe.

Pili, sheria yawataka matajiri walipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Katika kila mkataba wetu tudai wanagenzi wachukuliwe kutoka mitaa inayozunguka kiwanda, watoto wanaosikia king'ora chetu kila asubuhi na hawajapata kuona ndani ya ukuta.

Tatu, vibarua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema ya kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi asiendelee kuhesabiwa kuwa mtu wa siku moja. Kila tawi lihesabu vibarua wake na lipeleke majina yao kwa tajiri. Wasipokuwa na haki, ni wapita njia katika kiwanda chetu, na mpita njia hana sababu ya kulinda nyumba.

Nne, matawi yafungue mlango mtaani. Mwenye boda boda, msukuma mkokoteni, mchuuzi na makanga ni wafanya kazi hata kama hawana kadi ya mshahara. Ofisi ya tawi iliyo tupu jioni yaweza kuwa mahali pa kufundishia ufundi wa stima, kuandikia barua za kazi, na kuchezea drafti. Mzee aliyestaafu ana ujuzi wa miaka thelathini, na kijana hana wa kumwonyesha. Waketishwe pamoja.

Tano, mwanachama yeyote asikubali mwanawe wala jirani yake kukodiwa wakati wa kura. Mgombea akija kutafuta vijana wa kupiga watu, jina lake litangazwe mkutanoni.

Ndugu wanachama, genge lina subira. Hungoja shuleni, hungoja stejini, hungoja nje ya lango la jela. Chama nacho kijifunze kungoja mahali hapo hapo, kwa maana kijana yule yule atapita. Kila tawi na liweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao, na makatibu watuletee majibu: vibarua wangapi, wanagenzi wangapi, na ofisi itafunguliwa jioni zipi.

Umoja ni nguvu.